Ramani za Zamani za Mtaa Wako: Mwongozo Kamili, kwa Mfano wa Sinza, Dar es Salaam

Mwambie bodaboda akupeleke Sinza Kwa Remmy, atawasha pikipiki bila swali. Mwambie akupeleke kitalu fulani, kiwanja namba fulani, atakutazama tu. Michoro ya mipango miji iliyoizaa Sinza ina vitalu vyenye herufi na viwanja vyenye namba. Wakazi wana Kumekucha, Makaburini, Kijiweni, Mori, Afrika Sana, na hapo Kwa Remmy, palipopata jina kutokana na mwanamuziki Remmy Ongala. Anayetaka historia ya mitaa ya kitongoji kinachokua lazima ashughulike na Sinza hizo mbili kwa pamoja: ya karatasi na ya watu.

Nimechagua Sinza kwa sababu ilipangwa kwanza, watu wakaja baadaye, na jirani yake Manzese ilianza kinyume chake. Hatua zilezile zitakufaa Tabata, Kimara, Mbagala au Mbezi. Unahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti ya kusuasua inatosha, na subira ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Kuna ramani za aina tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, unaoonyesha kilichokusudiwa. Ya pili ni ramani ya upimaji, inayoonyesha bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zilipochimbiwa na namba za viwanja. Ya tatu ni ramani ya hali halisi, iliyochorwa kutokana na picha za anga, inayoonyesha kilichoonekana siku ndege ilipopita. Barabara iliyo kwenye mchoro inaweza isiwepo ardhini hadi leo. Ukiichora kama barabara ya mwaka ule, umeandika historia ya mtaa ambao haujawahi kuwepo. Kila karatasi utakayoipata, iandike kwanza ni ya aina gani.

Hatua ya 1: Weka mipaka na miaka yako

Usianze na "Dar es Salaam yote". Chukua eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kwa Sinza mipaka ya kazi ni rahisi: Barabara ya Morogoro upande wa kusini, Sam Nujoma upande wa magharibi, na Barabara ya Bagamoyo upande wa Mwenge na Bamaga. Shekilango inakata katikati, kutoka Morogoro hadi Bamaga.

Kisha andika miaka ambayo lazima upate ushahidi wake. Dar imekuwa na mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979. Wa kwanza uliandaliwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb na wenzake, miwili iliyofuata na kampuni za Kanada: Project Planning Associates, kisha Marshall Macklin Monaghan. Kwa Sinza mwaka mkubwa ni 1974, ulipoanza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya vyenye barabara, maji na mifereji, mwananchi akapewa kiwanja ajijengee mwenyewe. Manzese ilikwishajaa nyumba, ikawa ya kuboreshwa ilipo. Ndiyo sababu ukivuka kutoka Sinza kwenda Manzese kwenye picha ya setilaiti, hata mtoto anaona mstari: huku mitaa imenyooka, kule vichochoro vinafuata nyumba.

Weka pia miaka ya sensa, itakusaidia kuelewa kasi. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,286 mwaka 1967, ukafika 843,090 mwaka 1978, na 5,383,728 mwaka 2022. Kati ya hizo sensa mbili za kwanza, ndani ya miaka 11 tu, mji uliongezeka zaidi ya mara mbili. Sinza ilizaliwa humo.

Hatua ya 2: Jua faili lilipita ofisi zipi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu wa Sinza akitaka mchoro wa zamani huenda Manispaa ya Ubungo, kwa kuwa ndiko iliko kata yake. Lakini Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010. Kinondoni yenyewe, pamoja na Ilala na Temeke, ikawa manispaa mwaka 2000. Kabla ya hapo, kuanzia 1996, jiji liliendeshwa na Tume. Na Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Kila mabadiliko kama hayo ni makabati kuhamishwa, na kabati likihamishwa karatasi hupotea.

Sasa rudi kwenye mwaka wako mkubwa. Mwaka 1972 serikali ilifuta mamlaka za mitaa katika sera ya madaraka mikoani, na mamlaka za miji zikarudishwa 1978. Yaani Sinza ilipangwa na kupimwa wakati hakuna halmashauri ya jiji! Mradi wa viwanja ulikuwa chini ya Wizara ya Ardhi. Kwa hiyo mchoro wa mwanzo wa Sinza usiutafute kwanza manispaa, anzia wizarani. Mtaa uliopimwa miaka ya 1950, kama sehemu za Magomeni, ungeuanzia kwenye nyaraka za kikoloni. Mtaa wa mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000, kama Kibada au Mivumoni, wizara na manispaa zote zina sehemu yake.

Chora jedwali dogo: mwaka, nani alikuwa na mamlaka ya ardhi hapa, ofisi hiyo leo inaitwaje. Litakuokolea nauli nyingi.

Hatua ya 3: Kusanya

Anzia wizarani, kwenye idara ya upimaji na ramani, ambako huuzwa nakala za ramani za mji na za nchi. Nenda na barua: kama ni mwanafunzi, ya chuo, kama ni mkazi, ya serikali ya mtaa. Taja eneo kwa namba ya karatasi ya ramani kama unayo, usitaje jina peke yake. Anayesema "naomba ramani ya Sinza" hupewa yoyote iliyo juu.

Chuo Kikuu cha Ardhi kiko jirani na Sinza, na kwa maoni yangu ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Wanafunzi wa mipango miji na upimaji wameandika tasnifu kuhusu vitongoji vya Dar kwa miongo mingi, na nyuma ya tasnifu hukunjwa ramani ambazo huenda ofisi iliyozitoa imekwishazipoteza. Nyaraka za Taifa, Upanga, zina mafaili ya enzi ya Waingereza na ya Wajerumani. Utaratibu wa kuingia uliza kwanza kabla hujafunga safari.

Bila kutoka nyumbani unaweza kupata haya:

Ripoti za miradi za Benki ya Dunia, zilizowekwa wazi kwenye tovuti yao. Tafuta mradi wa viwanja na huduma wa Tanzania wa 1974 na wa pili wa 1977. Ripoti za enzi hizo mara nyingi hufungwa na ramani kurasa za mwisho, basi usiishie kwenye muhtasari.

Picha za setilaiti za kijasusi za Marekani. Mpango wa CORONA ulipiga picha kuanzia 1960 hadi 1972, na picha zake zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zilizo bora huonyesha vitu vya ukubwa wa mita mbili hivi. Ingia EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS, chora kisanduku juu ya Ubungo, chagua picha zilizofunguliwa, kisha angalia kijipicha cha kila ukanda kabla ya kushusha, maana mawingu ya pwani hayana huruma. Ambayo imekwishaskaniwa ni bure. Ambayo bado huagizwa kwa malipo ya dola 30 kwa fremu, na ukishalipia wewe, wengine wote wataishusha bure.

Landsat ilianza 1972, nayo ni setilaiti ya Marekani, lakini chembe za picha zake za mwanzo zilikuwa na upana wa mita 80 hivi. Mtaa hutauona. Utaona shamba likigeuka kuwa mji, na hilo nalo ni ushahidi.

Picha za anga za Waingereza. Kurugenzi yao ya upimaji wa ng'ambo, iliyojulikana kama DOS, ilipiga na kuchora sehemu kubwa ya Tanganyika, na picha zake sasa zimehifadhiwa Edinburgh kwenye hazina ya NCAP. Kupata nakala safi ni gharama, kwa hiyo iache mwisho.

Kwa miaka ya karibuni, Google Earth ya kompyuta ina kitufe cha saa kinachokurudisha nyuma. Na tangu 2015 kazi ya Ramani Huria imeijaza OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, vichochoro, mifereji na nyumba za kata nyingi za Dar, kwa mikono ya wanafunzi na wakazi wenyewe.

Hatua ya 4: Soma pembezoni kabla ya katikati

Karatasi ikifika mezani, usikimbilie kutafuta nyumba ya babu. Soma pembeni. Ramani moja inaweza kuwa na miaka mitatu: wa picha za anga, wa kuhakikiwa ardhini, na wa kuchapwa. Wa maana kwako ni wa picha. Ramani iliyochapwa miaka kadhaa baada ya ndege kupita inaonyesha mji uliokwishapitwa, na katika Sinza ya miaka ya 1970 miaka minne ilitosha kugeuza msingi kuwa baa.

Angalia skeli. Kwenye ramani ya 1:2,500, milimita moja ni mita mbili na nusu. Nyumba ina kona na uchochoro una upana. Kwenye ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50; mstari wa kalamu ya risasi peke yake unameza nyumba na jirani yake. Ramani ya 1:50,000 itakuambia kama barabara ilikuwepo. Isikuambie ilipita wapi hasa.

Kwenye mchoro wa mipango miji tafuta namba ya mchoro, tarehe ya kuidhinishwa na saini. Usio na saini ni rasimu, na rasimu husambaa kuliko michoro iliyopitishwa. Tafuta pia maneno ya "marekebisho". Mara nyingi marekebisho ni eneo la wazi linalogeuzwa kuwa viwanja, na hapo una kisa kizima mkononi.

Hatua ya 5: Iingize kwenye kompyuta

Skana bapa ndiyo bora. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karatasi nyingi, 600 kwa zenye mistari myembamba. Karatasi kubwa ipeleke duka la kuchapa michoro ya wahandisi. Kama ofisi hairuhusu karatasi kutoka, omba kupiga picha kwa simu: itandaze sakafuni penye mwanga wa dirisha, usitumie flashi, simama juu yake wima, piga vipande vinavyopishana. Piga pia pembe zote nne na maandishi yote ya pembeni, hata yanayoonekana hayana kazi.

Hatua ya 6: Oanisha karatasi na ardhi

Sasa ramani inapaswa kulala mahali pake juu ya ardhi ya leo. Tumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni bure. Fungua Georeferencer, pakia picha ya ramani, kisha bofya sehemu kwenye ramani ya zamani na sehemu hiyohiyo kwenye OpenStreetMap. Pointi nne zinatosha kuanza, lakini weka nane hadi kumi na mbili, zilizotawanyika hadi pembeni. Ukizirundika katikati, kingo zitapinda.

Uchaguzi wa pointi ndio kazi yenyewe. Kwa eneo la Sinza, kona za majengo ya kiwanda cha Urafiki zinafaa sana kwa ramani za baada ya 1968, kwa sababu kiwanda hakijahama. Majengo ya zamani ya Chuo Kikuu pale Mlimani yanafaa pia. Kingo za Barabara ya Morogoro usiziguse: imepanuliwa, na tangu njia za mwendokasi zijengwe ukingo wa leo si ule wa zamani. Mikunjo ya Mto Ng'ombe nayo iache. Mto huhama, na sehemu zake zimejengewa kuta. Mti ndio kabisa usiutumie, hata uwe mbuyu.

Kama ramani yako ina gridi yenye namba, una njia fupi: ingiza namba za gridi moja kwa moja. Lakini kuna mtego. Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, ila mahali ni pengine: kwa Dar tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Mita 300 ni kuamkia mtaa wa watu wengine. Kwenye QGIS chagua EPSG:21037 kwa namba za ramani ya zamani, kisha iache programu ibadilishe kwenda EPSG:32737, ambayo ni ya WGS 84.

Kwa aina ya ubadilishaji, anza na Polynomial 1. Angalia safu ya makosa: pointi moja ikiwa na kosa kubwa kuliko wenzake, usiifute haraka. Rudi uikague. Pengine umebofya kona isiyo yenyewe, au pengine jengo lilivunjwa likajengwa upya mita kumi pembeni, na hiyo ni habari. Thin Plate Spline itumie tu kwa karatasi iliyokunjamana au mchoro wa mkono, kwa sababu huvuta kila kitu kikae sawa na kukuficha makosa yako.

Hatua ya 7: Chora mitaa, kila mwaka leya yake

Tengeneza leya (tabaka la mchoro) moja ya mistari kwa kila ramani, na kwa kila barabara jaza: jina kwenye ramani, aina ya ramani (mpango, upimaji, hali halisi), mwaka wa mwanzo kuonekana, mwaka wa mwisho kuonekana, na maoni. Usiandike "ilijengwa 1982". Andika "haipo kwenye picha ya mwaka huu, ipo kwenye ya mwaka ule". Hicho ndicho unachokijua.

Kisha weka mchoro wa mpango juu ya picha ya leo, upunguze uzito wake hadi nusu, na upite kitalu kwa kitalu. Utakutana na mambo matatu. Barabara zilizopangwa na zipo. Njia zilizopo ambazo hazikupangwa, hasa vichochoro vya mkato. Na sehemu zilizoandikwa eneo la wazi, shule au kiwanja cha michezo, ambazo leo zina paa. Hizo zipake rangi ya peke yake. Thamani ya kazi nzima huwa humo, na ndizo zitakazoleta watu mlangoni kwako.

Hatua ya 8: Majina, na wenye majina

Majina yana matabaka. Mjini kati, Samora iliitwa Independence Avenue na kabla ya hapo Acacia Avenue. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road, Mandela ilikuwa Port Access, na Old Bagamoyo sasa ni Mwai Kibaki. Kariakoo ina mitaa ya Mahiwa na Narung'ombe, mahali palipopiganwa vita mwaka 1917 kusini mwa nchi. Ukisoma faili la zamani bila orodha kama hii, utatafuta barabara iliyo chini ya miguu yako.

Vitongoji kama Sinza vina tatizo tofauti: vichochoro vingi vilikaa miaka na miaka bila jina rasmi, hadi zoezi la anwani za makazi la 2022 lilipoleta vibao na namba za nyumba. Kwa hiyo kila mtaa uwe na nafasi tatu: jina la mchoro, jina la kibao, jina la watu. La tatu hulipati ofisini.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jitambulishe, mwonyeshe karatasi. Usipite moja kwa moja kwenye nyumba za watu na ramani mkononi. Dar watu wameona alama ya X nyekundu ukutani na tingatinga baadaye. Mgeni mwenye ramani ni bomoabomoa mpaka athibitishe vingine. Mwenyekiti atakupa mjumbe wa shina, mjumbe atakupeleka kwa wazee.

Ukifika, shikamoo kwanza, kaa, ramani iache kwenye mkoba. Usiulize "ilikuwa mwaka gani, mzee?" Watu hawakumbuki barabara kwa miaka. Uliza: vita vya Kagera vilikukuta umeshahamia? Hapa palikuwa na lami Mwalimu alipong'atuka? Mvua za El Nino maji yalifika wapi? Hapo una 1978, 1985 na 1997 bila kumtesa mtu kwa tarehe. Yakishatoka maelezo, ndipo utoe karatasi umwombe akuonyeshe kwa kidole. Wazee wengi hawasomi ramani kutoka juu, waanzishe na kitu wanachokijua, kama msikiti, kisima au kituo cha basi, kisha watembeze njia: "Ukitoka hapa unaenda dukani, unapita wapi?" Mwenzako achore huku wewe unasikiliza. Akina mama waulize njia ya kuchotea maji na ya sokoni. Hizo ndizo zilizokuja kuwa vichochoro.

Wazee wawili wakitofautiana, andika wote wawili. Usichague.

Hatua ya 9: Hifadhi, kisha toa nje

Majina ya mafaili yaanze na mwaka: 1975_mpango_kitaluC, 1992_halisi_sinza. Weka nakala sehemu mbili, mojawapo isiwe kompyuta yako. Ramani za serikali zina hakimiliki: mistari uliyochora mwenyewe kutokana na ushahidi ni kazi yako, lakini usiipandishe karatasi yao nzima mtandaoni bila kuuliza. Na usiingize kwenye OpenStreetMap barabara ya zamani isiyokuwepo leo. Mahali pake ni OpenHistoricalMap, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Jiandae pia kwa mtu mwenye mgogoro wa kiwanja atakayekuja kuomba ramani yako akaitumie kwenye baraza la ardhi. Mwambie mapema kwamba ramani yako haithibitishi umiliki wala mpaka. Kazi hiyo ni ya hati na bikoni, na ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Unachoweza kumpa ni namba ya mchoro, akaombe nakala iliyothibitishwa wizarani.

Mwisho, chapa ramani moja kubwa, ukubwa wa A1, yenye mitaa ya leo kwa rangi hafifu na ya zamani kwa rangi kali. Ibandike ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwezi mmoja, na kalamu pembeni. Watu wanaosubiri barua ya utambulisho wataisoma, na watakurekebisha bila kuombwa. Kila wiki pitia, piga picha ya kilichoandikwa, na kila rekebisho liingize kwenye jedwali kama ushahidi wa mdomo wenye tarehe ya siku ulipolisoma.